Kaburi Upande wa Buluu

Kaburi la mume wangu liliangukia upande wa adui. Siku mashabiki walipogawana ukingo wa laga, mto wa msimu, pale Kakuma, walivuta kamba kutoka nyuma ya goli mpaka ukingoni, wakasema: huku Wekundu, huku Buluu. Kamba ikapita karibu na miguu ya marehemu. Yeye aliyevaa jezi nyekundu mpaka ikapauka mabegani, akabaki kwa Buluu.

"Mama Chai, mzee wako amehama timu," akanitania kijana mmoja wa bodaboda. "Amesajiliwa kimyakimya!"

Nilicheka. Ilikuwa mwaka wa 2012, na sikuwa nimecheka tangu nimzike.

Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Majina ya watu sitaandika. Kazi zao nitaandika, na mtu yeyote wa Kakuma akisoma atajua kazi ipi ilikuwa ya nani.

Sisi si wenyeji wa Turkana. Tulipanda huko kutoka upande wa Kitale na lori la kabeji, tukisema tutauza mwaka mmoja turudi tujenge. Kabeji na vitunguu tulivipeleka mpaka Nadapal, mpakani, kwa sababu Wasudani wa ng'ambo walikuwa wananunua kitu chochote cha kijani bila hata kukigeuza. Barabara ya kutoka Lokichoggio kwenda huko ilikuwa na wenye bunduki. Walikuwa kina nani sijui, na sitawabandika kabila. Walipiga kwanza, halafu ndiyo wakasimamisha lori. Dereva alifia kwenye usukani. Mimi nilipata moja kwenye nyonga, mume wangu tumboni. Akafikishwa hospitali ya Kakuma akiwa bado anaongea. Neno la mwisho aliloniuliza lilikuwa kama timu imeshinda. Nikamwambia imeshinda. Nilikuwa nimelala kwenye machela, ningejuaje?

Ndugu zake ni watatu, wote wana mashamba. Kwetu mtu hazikwi ugenini. Hata mlevi aliyefia Mombasa hurudishwa akalale karibu na migomba ya mama yake. Walisema wanakuja kumchukua wiki hiyo. Wakasema mahindi yakiuzwa. Wakasema barabara ni mbaya. Joto la Kakuma halingoji mahindi. Tukamzika kando ya laga, nyuma ya uwanja wa mpira, mahali wanapolazwa watu wasio na mtu. Fundi mmoja Mkongo wa kambi ya wakimbizi akanichomelea msalaba wa bomba, akaniambia, "Mama, nimekutengenezea ya nguvu, hii haiwezi oza." Na kweli haukuoza.

Lakini laga haiozeshi, inakula. Laga hiyo, Tarach, ni mchanga mtupu mwaka mzima, watoto wanacheza humo, mbuzi wanalala humo, halafu siku moja maji yanashuka kutoka milimani bila hata tone kunyesha mjini. Mvua za mwaka huo zilikula ukingo mpaka kati ya msalaba na shimo ikabaki njia ya mbuzi wawili wakipishana. Kila asubuhi nilikuwa napita pale kabla ya kuwasha jiko, nikiangalia kama imepungua. Nilichotaka duniani kilikuwa kimoja: ukingo ushike mpaka nimrudishe nyumbani.

Chai nilikuwa nauzia mlangoni mwa ukumbi wa kuonyeshea mpira wa Ulaya. Mwenye ukumbi alikuwa Msudani Kusini, mrefu wa kuinama mlangoni mwake mwenyewe, mtu wa kanisa, hata mechi iwe kubwa namna gani jenereta haliwaki mpaka ibada iishe. Ndani walikaa Waturkana wa mjini, wakimbizi wa kambini, walimu, askari, madereva. Nje kulikuwa na makabila na kadi za chakula na ugomvi wa kuni. Ndani kulikuwa na Wekundu na Buluu tu. Waliokuwa wanashabikia timu nyingine walichagua pa kujificha.

Habari ya miti ilianza baada ya mafuriko kula kona ya uwanja. Kibendera cha kona kilikutwa chini, katikati ya laga, kimesimama wima kama kinangoja mpigaji. Watu walicheka kwanza, halafu wakaogopa. Uwanja ukienda, timu ya mtaa itachezea wapi? Mwenyekiti wa mashabiki, kijana wa Kiturkana aliyekuwa na kibanda cha kuchaji simu, mtu wa Buluu, mwenye mdomo mtamu kuliko chai yangu, akasimama mbele ya skrini wakati wa mapumziko.

"Tunapiga kelele kwa uwanja wa Ulaya ambao hatutaukanyaga," akasema. "Wetu unabebwa na maji tukiangalia. Ninyi ni mashabiki au ni wateja?"

"Wateja!" akajibu mtu wa nyuma. "Mimi nimelipa!"

Lakini Jumamosi iliyofuata walikuja. Walikuja wengi mpaka mimi niliyekaa Kakuma miaka nikashangaa, Mturkana na mkimbizi wakishika sururu moja. Akaja pia afisa wa shirika fulani na gari jeupe, miche ya mwarobaini, na fulana zenye maandishi mgongoni. Huyo ndiye wa kwanza ninayemtaja miongoni mwa walioharibu. Aliwaambia kwamba mathenge ni mti mwovu, umevamia nchi, unatoboa mipira, unaozesha meno ya mbuzi, na kama wanataka mwarobaini ukue lazima mathenge iliyojaa pale ukingoni iondoke yote na mizizi yake. Akapiga picha, akaondoka kabla jua halijawa kali.

Sasa ukiwaambia watu wa kawaida wang'oe visiki, watang'oa vichache na kwenda kunywa maji. Hawa walikuwa mashabiki. Wekundu wakaweka rundo lao, Buluu lao, na kila kisiki kikitoka ni vigelegele.

"Hicho ni kisiki au ni kijiti cha meno? Rudisha ndani kikue!"

"Nyie nyekundu mnahesabu hata majani!"

Walichimba mpaka mizizi mirefu kama kamba ya kisima ikatoka, wakiivuta watu watano watano, wakiimba. Jioni ukingo wote ulikuwa wazi na laini, umelainika kama unga. Buluu walishinda kwa visiki. Upande wao, ule wa mume wangu, haukubaki hata na mzizi mmoja wa kufungia mbuzi. Visiki vyote mwenyekiti akaviuza kwa wachoma makaa. Huyo ni wa pili, na bado nitarudi kwake.

Miche ikapandwa, kila mmoja na uzio wake wa matawi ya miiba. Ikabaki habari ya maji. Maji ya karibu yalikuwa ya visima vya mchanga: unachimba katikati ya laga, maji yanajikusanya chini, unateka kwa kikombe unajaza jerikeni. Kazi ya mgongo. Mwalimu mmoja wa shule ya kambini, mtu wa Wekundu, ndiye aliyesema, "Bila adhabu hakuna atakayebeba. Shabiki habebi kitu kwa hiari isipokuwa bendera."

Basi wakatunga sheria yao. Kila wikendi matokeo yanalinganishwa. Ambao timu yao imefanya vibaya zaidi, wiki hiyo nzima wanabeba maji kwenda kwenye miti ya wenzao. Miti yao wenyewe? Ingoje wiki yao. Ilikuwa haramu kumwagilia mti wa upande wako. Walisema ni sawa na kujihesabia goli la mkono.

Ikanoga, nitasema ukweli. Jumatatu jioni watu walikuwa wanatoka nyumbani kuja kuangalia tu. Waliofungwa wanapanda na jerikeni mabegani, walioshinda wamekaa juu ya ukingo kama mabwana.

"Leteni maji, watumwa! Mwarobaini huyu ana kiu ya ubingwa!"

"Kunyweni, kunyweni! Mtakojoa yote mwezi wa tano!"

Askari wa polisi alibeba maji akiwa na sare, bunduki mgongoni, kwa sababu timu yake ilifungwa. Mtu ambaye asubuhi alikuwa anafukuza akina mama wa Kiturkana waliokuja kuuza kuni kambini, jioni anabeba jerikeni nyuma ya kaka zao. Nilijiambia kwamba mume wangu angependa kuona kitu kama hicho. Niliamini. Hiyo ndiyo inayonichoma zaidi.

Kwa sababu mwaka ule Wekundu walikataa kufungwa.

Wiki baada ya wiki Buluu walibeba maji kwenda kwa Wekundu. Miti ya Wekundu ikatoa majani ya kijani yaliyong'aa, ikapita uzio. Ya Buluu, upande wa kaburi, ikabaki na majani mawili matatu, yamejikunja kama masikio ya mbwa mgonjwa. Nikaanza kufanya jambo ambalo sikuwahi kufikiria. Nikaanza kuombea timu ya mume wangu ifungwe. Jezi yake niliivaa juu ya gauni siku za mechi, kwa sababu nilimwahidi hivyo, na ndani ya jezi hiyo moyo wangu ulikuwa unasema: wafungeni, wafungeni.

Wakati mmoja walikuwa wamefungwa mawili bila kitu. Nilimwaga chai kwa furaha, nikajaza vikombe mpaka ukingoni, nikampa mtu mandazi ya bure. Kisha wakarudisha moja. Wakarudisha la pili. Timu ile ilikuwa na ugonjwa wa dakika za mwisho. La tatu lilipoingia ukumbi ulitetemeka mabati, watu wa Wekundu wakanikumbatia kwa sababu ya jezi, mmoja akaninyanyua na birika langu.

"Mathe! Mzee anacheka huko aliko!"

Mwenye ukumbi aliniona uso. Watu walipotoka akaja akachutama karibu na jiko.

"Mama, wewe unashangilia upande gani?"

"Upande wa kaburi," nikamwambia.

Akasema pole kwa Kiarabu cha kwao, "Malesh, mama. Malesh kabisa." Kesho yake, mchana jua kali watu wakiwa wamelala, nilimkuta anapanda na jerikeni mbili kwenda upande wa Buluu. Alimwagilia miti mitatu iliyokuwa karibu na msalaba. Siku ya tatu Wekundu wakamkamata. Yeye mwenyewe alikuwa Mwekundu.

"Unawasaidia adui?"

"Nasaidia marehemu."

"Marehemu yuko upande gani?"

"Ah, ninyi watu! Mtu amekufa!"

"Sheria ni sheria. Ukiendelea, tutahamia ukumbi wa Msomali."

Ukumbi ulikuwa ndio ugali wake. Akaacha. Yeye simtaji miongoni mwa waharibifu. Waliomkataza nawataja: mwalimu yule yule, na kundi lake la mabingwa.

Mimi nilijaribu mwenyewe. Hakuna aliyenizuia, maana mama chai si shabiki mbele ya sheria yao. Lakini nyonga yenye risasi haipandi ukingo na jerikeni. Nilikuwa nabeba kibuyu cha mafuta ya kupikia kilichojaa maji, naupa mti mmoja leo, mwingine kesho, na jua la Kakuma linanywa nusu kabla ya mzizi.

Nikaenda kwa mwenyekiti kwenye kibanda chake cha simu. Sikuomba kitu kikubwa.

"Hamisha kamba," nikamwambia. "Isogee kidogo tu, kaburi liingie kwa Wekundu. Miti ile ipate maji."

"Ejok, mama," akanisalimia kwa Kiturkana, yaani ni vizuri, "kaa kwanza." Akaniwekea kiti. "Mimi nakuelewa. Lakini nikihamisha mpaka wako leo, kesho kila mtu atakuja na mpaka wake. Na si unajua hii nchi na mipaka? Ngoja uchaguzi uishe."

Alikuwa anagombea uwakilishi wa wadi. Zile fulana za shirika, kumbe, zilikuwa zimebaki katoni nyingi, na watu waliozivaa walikuwa wanamwimba yeye. Machi 2013 akachaguliwa. Siku ya kushukuru watu alisimama ukingoni kupigwa picha na miti. Hakusimama kwa Buluu, timu yake. Alisimama kwa Wekundu, kwenye majani, akishika tawi kama mtu anayemshika mtoto wake kichwa. Kaburi lilikuwa nyuma ya mpiga picha.

Mei ikafika. Wekundu wakachukua kombe. Waliandamana mjini na pikipiki, wakipiga mabati, wakafika mpaka kaburini wakafunga kitambaa chekundu kwenye msalaba wa bomba, nami nikawapikia chai ya furaha. Jumatatu nilikaa ukingoni kungoja wabeba maji. Hakuja mtu. Jumanne pia. Nikamwuliza kijana wa Buluu aliyekuwa anapita na mbuzi.

"Ligi imekwisha, mama. Adhabu imekwisha."

Nikamwuliza Mwekundu. "Bingwa habebi maji," akasema, na hakuwa anatania.

Katika watu wote wale, walimu, maafisa, madereva waliozunguka nchi, hakuna aliyewahi kuuliza miti itakunywa nini ligi ikilala. Walikuwa wamefunga uhai wa miti kwenye mpira wa Ulaya, na Ulaya ikaenda likizo. Juni, Julai, mpaka Agosti, miezi ambayo upepo wa Turkana unapuliza kama mdomo wa tanuri. Mwenyekiti yuko Lodwar. Mwalimu amefunga shule. Mwenye ukumbi, bila mechi hakuna mteja, akauza jenereta na skrini akasema anarudi kwao, nchi yao imekuwa nchi sasa, atajenga. Akaniaga vizuri, akasema atapita Nadapal aniombee mahali pale. Mwisho wa mwaka tukasikia kwao kumewaka vita tena. Sikumsikia tena.

Miti ya Wekundu ilikuwa na mizizi mirefu tayari, ikavumilia. Ya Buluu ikakauka mmoja mmoja. Watu wa kuni wakachukua uzio kwanza, halafu vijiti vyenyewe.

Halafu likaja lori la mchanga.

Mwenye lori alikuwa mtu wa lugha yangu. Alikuwa akinisalimia kwa lugha ya mama yangu, ananiita dada. Mji ulikuwa unajengwa, kila mtu anataka duka la mawe, na mchanga mzuri uko laga. Kushuka laga na lori si rahisi, ukingo una visiki. Lakini upande wa Buluu hapakuwa na kisiki. Tulikuwa tumemtengenezea barabara. Akawa anashuka pale, vibarua wanachimba chini ya kaburi, mita si nyingi kutoka lilipo, lori linapanda limejaa linatikisa ardhi mpaka mawe ya kaburi yanateremka. Na visima vya mchanga vikazama, kwa sababu mchanga ndio unaoshika maji, ukiutoa maji yanafuata.

"Kaka," nikamwambia, "huyo hapo juu ni mtu wa kwenu."

"Dada, mimi nina kibali. Usijali, hatufiki kwake."

Nikaenda kwa chifu. Chifu alikuwa amekaa nje ya ofisi anachokonoa meno.

"Mchanga ni wa serikali," akasema.

"Na kaburi?"

"Kaburi ni la mwenye mtu. Wewe hamisha mtu wako."

"Nipe basi ruhusa."

"Ruhusa ya kufukua mwili haitoki hapa. Nenda Lodwar."

Nikaenda Lodwar. Nilivaa viatu vya kanisani. Ofisi ya DC, mkuu wa wilaya, wakaniambia mambo ya mchanga sasa yamehamia serikali mpya ya kaunti, na ya kufukua nilete barua ya ukoo. Nikavuka barabara kwenda kaunti. Rangi ya ukuta ilikuwa haijakauka, watu wamekaa kwenye ngazi kwa sababu viti havijafika. Nikamsubiri mwenyekiti wetu mpaka jua likageuka. Alipotoka alikuwa na koti.

"Mama Chai! Ejok! Mnaona maendeleo?" Akaagiza niletewe soda. Nikamweleza yote: lori, visima, mawe yanayoteremka. Akanisikiliza kwa uso wa huzuni, uso ule anao tayari.

"Hilo jambo la mchanga linahitaji sheria," akasema. "Tutatunga. Sasa hivi kaunti haina hata meza ya kuandikia hiyo sheria."

"Mpigie tu simu mwenye lori. Wewe ulisimama pale ukasema ukingo ni wetu."

"Yule ni mtu wa maendeleo, mama. Ananijengea... anatujengea mji."

Alijikwaa hapo. Niliona. Akaingia ndani, akarudi na fulana mpya, ya rangi nyingine, akaniwekea mapajani. Mpaka leo naitumia kushikia sufuria ya moto.

Barua ya ukoo niliwapigia ndugu zake. Mkubwa akasema wataitana wakae. Walikaa, nilisikia, wakala kuku. Barua haikuja.

Agosti ligi ikarudi, ukumbi ukafunguliwa upya na kijana mmoja wa mjini, na mambo yakawa ya kuchekesha, kama una moyo wa kucheka. Wekundu wakaanza kufungwa. Walifungwa nyumbani, wakafungwa ugenini, na timu ambazo watu hawakujua jezi zao. Kila wikendi! Nilikuwa nakaa mlangoni na birika, nasikia ukumbi unalia, na nahesabu miti kichwani: wiki hii ingekunywa, na hii pia ingekunywa. Ingekuwa imeshiba maji. Lakini hapakuwa tena na miti ya Buluu ya kumwagilia, na hakuna aliyetaja tena habari ya jerikeni. Walipokumbushana walicheka, kama mtu anayekumbuka mchezo wa utotoni.

Maji yalikuja Jumamosi, mchana, kwenye mvua za mwisho wa mwaka. Mjini kulikuwa na vumbi. Nilisikia kwanza kama lori, nikasema leo hata wikendi wanachimba. Halafu nikaona wanawake wanatoka laga wanakimbia na watoto, bila kupiga kelele, kwa ile mbio ya watu wanaojua. Nikaacha jiko.

Maji yalikuwa ya rangi ya chai yenye maziwa mengi, yamebeba magogo na punda mmoja mfu. Upande wa Wekundu yaligonga mizizi yakageuka. Upande wetu yaliingia kwenye lile shimo la lori, yakazunguka, yakaanza kula kutoka chini. Ardhi ilikuwa inaanguka kwa mapande, polepole, pande moja, kimya, pande lingine. Palikuwa na wakati. Nataka hilo lieleweke. Kulikuwa na watu wenye nguvu wa kutosha kumtoa mtu kutoka shimo la futi nne kabla maji hayajafika. Na walikuwa karibu, nilikuwa nawasikia.

Nikakimbia ninavyokimbia mimi, nyonga ikivuta, nikaingia ukumbini. Sikumwona yeyote usoni, giza na mwanga wa skrini tu.

"Kaburi linaenda!" nikasema. "Njooni na majembe, mnisaidie nimtoe!"

"Mathe, toka mbele ya skrini!"

"Maji yamefika! Ninyi ndio mlichimba pale!"

"Dakika tano tu, mathe, tunakuja wote. Si ni dakika tano?"

"Kaeni chini, huyo mama ameingiwa na nini?"

Nikasimama mbele ya skrini. Kwa mwanga wa projekta, mchezaji mmoja alikuwa anakimbia juu ya jezi yangu, nakumbuka vijana wa mbele walicheka kwa hilo. Mtu akanishika mabega, kwa heshima kabisa, akanitoa nje, akanikalisha kwenye benchi langu mwenyewe. "Tunakuja, mama. Ejok, ejok." Alikuwa yule askari.

Nilirudi peke yangu. Mawe yalikuwa yameshaenda. Msalaba ulikuwa unainama, kitambaa chekundu bado kimefungwa, kimepauka mpaka huwezi kujua kilikuwa cha timu gani. Nilishuka kwa magoti nikashika bomba. Nyuma yangu ukumbini wakapiga kelele, goli, sijui la nani, na ardhi ikatoka chini ya mikono yangu kama mtu anavyovuta shuka. Sikuona kitu cha mume wangu. Niliona udongo, halafu maji, halafu maji tu. Mwanamke mmoja wa Kiturkana alinishika mguu akanivuta nyuma. Hatukuwa tunajuana. Alinishika mpaka nikaacha kusukuma.

Filimbi ilipopigwa wakaja, kama walivyosema. Wengi. Wengine na majembe. Wakasimama kwenye ukingo mpya, mmoja akasema pole, mwingine akatoa simu kupiga picha mafuriko. Kona ya uwanja ilikuwa imeenda tena.

Tarach haifiki baharini wala ziwani. Inapeleka kila kitu kwenye tambarare za kaskazini na kukiacha hapo, chini ya matope, kwa mbwa mwitu. Niliuliza wachungaji wiki nyingi. Mmoja aliniletea kipande cha bomba, hakikuwa chetu.

Miti ya Wekundu bado iko. Inatoa kivuli kizuri. Afisa wa shirika huwaleta wageni pale, wanaweka mikono kiunoni, anawaeleza jinsi mpira ulivyoleta amani na mazingira. Nilimsikia kwa masikio yangu. Mimi nilikuwa naosha vikombe.

Mkubwa wa ndugu zake alinipigia baada ya Krismasi. Sauti ilikuwa ya watu wengi waliokaa pamoja. Akasema wamekubaliana, roho haiwezi kukaa bila kaburi, watafanya vile kwetu hufanywa mtu akipotea majini: watazika shina la mgomba mahali pake. Akaniomba nitume nguo yake moja.

Nguo nyingine zote zilikuwa zimeliwa na mchwa. Nikafua jezi, nikaikunja kwenye gazeti, nikampa dereva wa basi la Kitale. Waliniambia ilikaa vizuri juu ya mgomba. Kwamba padri aliuliza ni nguo gani hii, na wakamwambia ni ya timu iliyokuwa inashinda.